Siku ya Ngoma Shuleni: Kosa Letu na Tulichojifunza



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu zetu wazazi, kila muhula unapokaribia kwisha, sisi tunaofundisha madrasa hapa Mahoko huulizwa swali lile lile. Mzazi anakuja baada ya swala ya Asri, anatuvuta pembeni na kusema: "Ustadhi, shuleni wanataka mtoto acheze ngoma. Nifanyeje?" Zamani jibu letu lilikuwa fupi, nalo lilikuwa hapana. Leo tumeona tuwaandikieni namna jibu hilo lilivyotuingiza katika kosa, ili mzazi mwingine au mwalimu mwingine asilirudie.

Watoto wetu wengi husoma sehemu mbili. Siku za wiki wako shuleni pamoja na watoto wa majirani zetu, Wakatoliki, Waadventista na wengineo. Jioni na mwisho wa wiki wako kwetu na juzuu zao. Mwezi Novemba 2024 shule moja wanayosoma ilitangaza kwamba itafunga muhula kwa siku ya utamaduni. Kungekuwa na intore, na ikinimba ya kaskazini, na umushagiriro wa wasichana, pamoja na nyimbo na ngoma za nchi jirani. Sisi tuko karibu na mpaka, na darasani hakosekani mtoto mwenye bibi Goma au mjomba Kampala.

Wasomaji wetu wa nchi nyingine wafahamu jambo moja. Hapa Rwanda shule haimwulizi mtoto kabila lake, na baada ya yaliyotokea mwaka 1994 hakuna asiyejua sababu. Kwa hiyo siku ya utamaduni kwetu si siku ya kuwagawa watoto kwa asili zao. Mtoto hujifunza ngoma ya kwao na ya mwenzake, na wote wakaicheza pamoja.

Hayo tungeyajua mapema kama tungeuliza. Lakini habari zilitufikia vibaya. Mama mmoja aliyekulia Goma alisikia kwamba mwanawe yuko katika "itorero" ya shule. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni kikundi cha ngoma, na pia hutumika kwa maana ya kanisa. Yeye alilijua kwa maana ya pili tu. Akaja mbio kutuambia kwamba mtoto anapelekwa kanisani. Kabla jambo halijafafanuka, maneno yalikuwa yameshafika sokoni, kwenye viazi na vitunguu. Mzee mmoja naye akatukumbusha Karinga, ngoma ya wafalme wa kale, iliyokuwa ikitukuzwa kwa mila ambazo Mwislamu hawezi kuzikubali. Akasema ngoma zote chimbuko lake ni hilo.

Ufalme ulifutwa mwaka 1961, na ngoma ya shule ni mti na ngozi tu, lakini siku ile hatukufikiria hivyo. Hatukwenda shuleni kuuliza. Jumamosi tulisimama mbele ya darasa tukatangaza kwamba hakuna mtoto wa madrasa yetu atakayecheza siku hiyo, na atakayecheza asije na juzuu yake kwetu.

Miongoni mwao alikuwemo mvulana wa miaka 12, aliyekuwa darasa la sita, mwaka wake wa mwisho katika shule ile. Alikuwa amechaguliwa kusimama mstari wa mbele wa intore. Mkuki wake wa mti alikuwa ameuchonga pamoja na baba yake. Zile singa za mkonge za kuvaa kichwani zilikuwa zimesukwa na mama wa rafiki yake, jirani yao asiye Mwislamu. Tulipotangaza hakusema neno. Kesho yake alirudisha singa zile kwa mwenyewe, na mkuki akauweka nyuma ya mlango.

Siku yenyewe ilipofika tulikuwa tunatoka sokoni, na njia yetu inapita kando ya uwanja wa shule. Ngoma zilikuwa zinalia na wenzake wako uwanjani. Yeye alikuwa amesimama kwenye ua, amevaa sare yake ya kila siku, na mgongo wake umetuelekea. Hakutuona. Mwili alikuwa ameutuliza, lakini miguu ilikuwa inahesabu hatua zote, kushoto na kulia, bila kukosea hata moja. Tukaongeza mwendo, tukijiambia kwamba tumemwokoa.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akasoma sehemu yake ya Suratul Mulk vizuri, kisha akafunga msahafu na kuuliza: "Ustadhi, sisi ni Wanyarwanda?"

Tukamwuliza kwa nini anauliza hivyo. Akasema mwenzake darasani amemwambia kwamba Waswahili hawakucheza kwa sababu si wa hapa, walikuja tu. Tukamjibu kwamba sisi ni Wanyarwanda bila shaka. Akatutazama, akasema: "Basi mbona mlitutoa?"

Ndugu zetu, swali hilo lilitunyima usingizi, na wazee wataelewa kwa nini. Uislamu uliingia Rwanda zama za Wajerumani, kwa njia ya askari, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Al-Fatah mjini Kigali ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipotawala, Waislamu walitengewa mitaa yao, na wakahesabiwa kuwa wageni hata pale ambapo mama zao na bibi zao walizaliwa katika vilima hivi hivi. Kuwa Mwislamu na kuitwa Mswahili ikawa kitu kimoja, na Mswahili akawa mtu wa kuja. Babu zetu walilibeba jina hilo kwa miaka mingi. Walioanza kuliondoa ni watu walioishi vizuri na majirani zao. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Waislamu wengi walifungua milango yao na kuwaficha waliokuwa wakiwindwa, na hilo halijasahauliwa. Mwaka 2017 Kiswahili, lugha tunayofundishia dini, kikawa lugha rasmi ya nchi. Baada ya safari ndefu namna hiyo, sisi walimu wa mtoto ndio tuliomrudisha nje ya ua.

Tena kuna deni jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha na mto Sebeya ukafurika. Katika nchi walifariki watu zaidi ya 130, na wilaya yetu ya Rubavu ni miongoni mwa zilizopigwa sana. Nyumba ya mvulana yule ilijaa tope mpaka madirishani. Aliyewapokea usiku ule, yeye na mama yake na wadogo zake, ni familia ya yule rafiki yake. Walilala kwao majuma matatu, na mama wa nyumba ile aliwatafutia chombo safi na kona safi ya kuswalia. Ni mama yule yule aliyesuka singa za mkonge. Mtoto alipomrudishia, alimwuliza kama amemkosea kitu. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Basi tukarudi katika vitabu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzo.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mama yetu Aisha (Radhiya Allahu anha) kisa ambacho kila mwalimu wa madrasa anakijua. Siku ya Idi, Mahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki na ngao katika msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mtume hakuwazuia. Aliwahimiza waendelee, akiwaita kwa jina la ukoo wao, kisha akamkinga Aisha kwa shuka yake ili apate kuwatazama, akasimama naye mpaka yeye mwenyewe akachoka. Katika mapokezi mengine, Umar (Radhiya Allahu anhu) aliinama akaokota changarawe awarushie, Mtume akamwambia awaache.

Kisa hiki tumekisomesha miaka mingi, lakini hatukuwahi kukisoma huku tukiwafikiria intore. Na intore ni nini? Ni ngoma ya mashujaa. Zamani vijana waliochaguliwa walilelewa katika baraza la mfalme na la wakubwa, wakifundishwa adabu, ushairi, kusema mbele ya watu na kupigana. Wanapocheza hushika mikuki na ngao, wana njuga miguuni na singa vichwani, wamesimama mstari mmoja. Tukajiona tunafanana na nani katika kisa kile. Tulikuwa na changarawe mkononi. Tofauti ni kwamba Umar alipoambiwa awaache aliwaacha, na sisi tulikuwa tumeshazirusha.

Hatusemi kwamba mambo yote ni halali. Tunajua kwamba wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wamekataza ala za muziki, wakitegemea hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari. Wako walioona vingine, kama Ibn Hazm wa Andalusia. Imamu Ghazali katika Ihyaa alilichambua jambo hili kwa urefu na kisa cha Mahabeshi ni katika dalili zake. Imamu Nawawi, alipokisherehesha, aliona ndani yake ruhusa ya michezo ya silaha. Dufu nalo lina hadithi zake katika Idi na harusi. Mwenye kushika kauli ya kukataza ana wanazuoni nyuma yake, na hatumlaumu. Lakini sisi hatukushika kauli ya mwanachuoni yeyote. Tulishika maneno ya sokoni. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtoto "hili wanazuoni wamelikataza kwa sababu hii na hii" na kumwambia "toka" bila kumweleza lolote.

Mwezi ule ule wa Desemba 2024 redio ilitangaza kwamba UNESCO imeiingiza Intore katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Hiyo si dalili ya kisheria, wala hatuitumii kuhalalisha kitu. Lakini Allah ametuambia katika Suratul Hujurat, aya ya 13, kwamba ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mwenye taqwa zaidi. Kujuana kunahitaji watu wakutane. Mtoto anayewekwa nje ya ua atajulikana kwa lipi, zaidi ya kwamba hayumo?

Kabla mwaka ule wa masomo haujaisha tulimwita mvulana yule mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba tulikosea, kwa kuwa tulihukumu kabla ya kuuliza, na tukamwomba msamaha. Alisema, "Hakuna neno, Ustadhi," akainamia juzuu yake. Tulikwenda pia kwa mama jirani, tukamshukuru kwa aliyoyafanya wakati wa mafuriko na tukamweleza kwamba kosa la singa lilikuwa letu. Alicheka, akatuletea chai.

Muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, kabla mazoezi hayajaanza, tulikwenda wawili kuonana na mkuu wa shule. Alitupokea vizuri, kisha akauliza, "Mbona hamkuja mwaka jana?" Hatukuwa na jibu. Tukamweleza haja zetu. Kwanza, mavazi ya watoto wetu yawe ya stara. Pili, wasichana waliobaleghe wasilazimishwe kucheza mbele ya wanaume, wapewe sehemu nyingine. Tatu, wakati wa Asri ukiingia watoto wapate nafasi ya kuswali. Nne, watoto wa Kiislamu wawekwe kikundi chao peke yao.

Matatu ya mwanzo aliyakubali pale pale. La nne alilikataa. Alisema, "Mkiwatenga mtakuwa mmewarudisha pale pale mlipowatoa." Tulinyamaza, kwa sababu alikuwa ameona jambo ambalo sisi wenye kuumia tulikuwa hatujaliona.

Siku ya utamaduni ya Desemba 2025 tulihudhuria, tukakaa kwenye mabenchi pamoja na wazazi wengine. Wavulana wetu walicheza intore katika mistari ya wenzao, na ukitoka mbali usingejua nani ni nani. Wasichana wakubwa walighani mashairi ya Kiswahili, wamevaa mitandio yao. Wadogo walisoma kasida kwa dufu, na wasiokuwa Waislamu wakaitikia pale walipoweza. Yule mama wa "itorero" alikuwa amekaa mbele kuliko wote, na vigelegele vyake vilifika barabarani. Asri ilipoingia mwalimu wa shule aliinua mkono, ngoma zikanyamaza, watoto wakaenda kutawadha kwenye tangi la maji. Wenzao waliwasubiri huku wakimenya miwa.

Hatutaki mdhani kwamba kila mtu aliridhika. Baba mmoja alimtoa mwanawe, na mpaka leo salamu yake kwetu imepoa. Tumemwambia kwamba ni haki yake, na kwamba mwanawe atabaki mwanafunzi wetu mpendwa. Tulichomwomba ni kimoja tu: amweleze mtoto sababu, na amfundishe namna ya kuwaeleza wenzake kwa upole, ili kukaa kwake pembeni kusionekane kuwa ni dharau.

Na mvulana yule hakuwepo. Alikuwa ameshamaliza darasa la sita na kwenda kusoma sekondari ya bweni, wilaya nyingine. Mstari wa mbele aliokuwa ameandaliwa ulisimamiwa na wengine. Msamaha tulimwomba, lakini siku yake hatuwezi kumrudishia. Kila tunapopita kando ya uwanja ule tunaiona ile miguu.

Enyi wazazi, tunawausia mambo machache. Mtoto akija na habari ya ngoma shuleni, msiseme ndiyo wala hapana kabla ya kujua. Nendeni shuleni mkaulize ni ngoma gani, maneno yake yanasema nini, mavazi yapoje, na watacheza saa ngapi. Kama lina ubaya, kama ibada ya asiyekuwa Allah, matusi au kukaa uchi, likataeni bila kuona haya, na mumweleze mtoto kwa nini. Kama halina, msimnyime mtoto nafasi yake kati ya wenzake kwa sababu ya uvumi. Na mkiona uzito, muulizeni mwenye elimu, nasi wenye kuulizwa tumche Allah, tusijibu kwa haraka.

Nanyi wanafunzi wetu, msione haya kuitwa Waswahili, wala msikubali kuambiwa kwamba kwa ajili hiyo nyinyi si wa hapa. Vilima hivi ni vyenu. Mwenzenu akiwauliza kuhusu swala yenu, mwelezeni. Akiwafundisha hatua ya ngoma yao, mshukuruni. Na mwalimu wenu akikosea, mwulizeni kwa adabu, kama alivyotuuliza mwenzenu, kwani swali lake limetufundisha zaidi ya vitabu tulivyokuwa tumevifunga.

Tunamwomba Allah atusamehe tulipokosea, ailinde nchi yetu na majirani zetu walio ng'ambo ya mpaka, na awajaalie watoto wetu kuwa wema katika dini yao na wema kwa wanaoishi nao. Amin.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.